Nguzo ya Darubini

Darubini ile ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Miguu yake mitatu ilikuwa ya mbao nzito, shaba yake imesuguliwa ikang'aa, na bomba lake lilikuwa refu kunishinda mimi. Mwenyewe alikuwa meneja wa kiwanda cha majani chai, mzungu mpole aliyebaki wakati wenzake wengi walikuwa wamekwisha kufunga virago baada ya Uhuru. Miaka yote niliyoishi pale, darubini ililala sandukuni chini ya kitanda chake, na isipokuwa mpishi wake hakuna aliyejua kama ipo. Halafu redio ikaanza kutangaza kwamba jua litapatwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kike katika shule ya msingi ya shamba lile, kwenye vilima vya kati ya Kericho na Sosiot. Nilifundisha sayansi na hesabu, na kila mtu alijua kwamba nina mdomo. Sikatai. Nililelewa katika nyumba za kampuni, na huko usipopaza sauti hata maji ya mfereji hupati. Meneja alikuja shuleni kwa miguu, akasimama mlangoni kofia mkononi, akaniambia ana hofu kwamba siku hiyo watu watalikodolea jua macho matupu.

"Ukiwakataza ndio watatazama zaidi," alisema. "Afadhali tuwape kitu cha kutazama."

Alitaka kuisimamisha darubini uwanjani, mwanga wa jua uingie kwa mbele, utoke kwa nyuma na kuangukia karatasi nyeupe. Watu wangeliona jua pale kwenye karatasi, kubwa kama sahani, na hakuna jicho ambalo lingekaribia kioo. Haki ya Mungu nilifurahi. Miaka yote nilikuwa nafundisha jua kwa kuchora duara ubaoni. Halafu akaongeza, "Kazi ya mbao atafanya baba yako," na furaha ikaniisha papo hapo.

Baba yangu, tata kama tunavyosema kwetu Kisii, alikuwa seremala mkuu wa shamba. Na tata alikuwa haoni.

Nisieleweke vibaya. Hakuwa wa kushikwa mkono. Alitembea peke yake, alikwepa matope, alimwamkia mtu akiwa mbali. Lakini kila alichokitazama moja kwa moja kilipotea. "Nikitazama kitu, hapo katikati pana giza," aliniambia. "Pembeni naona." Kwa hiyo akajifunza kutazama kwa pembeni, kichwa kimeinama upande kama kuku anayekagua punje, na watu wakasema fundi ameanza maringo uzeeni. Aliwaacha waseme. Alipima mbao kwa vidole na kiganja, na kwenye mashine ya msumeno aliwaweka vijana wakate huku yeye amesimama kando akiwafokea. Kwa kuwa alikuwa mkali tangu zamani, hakuna aliyeshangaa.

Nilimpeleka kwa siri hadi Kaplong, kwa daktari wa macho aliyekuwa akipita pale. Daktari alimmulika, akamwambia atazame juu, atazame chini, kisha akatueleza kwamba ugonjwa uko nyuma ya jicho, mahali ambapo kisu hakifiki, na miwani haingesaidia. Alisema kwa upole. Tata akamshukuru, akavaa kofia yake, na tulipofika barabarani akanishika mkono kwa nguvu. "Maneno haya yakifika kiwandani," alisema, "tumekwisha."

Hakuwa anatia chumvi. Nyumba yetu ya matofali ilikuwa ya kampuni, na mtu akitoka kazini nyumba nayo inamtoka. Aliyefika mwisho wa kazi yake salama aliagwa vizuri na kupewa muda wa kujipanga. Aliyeonekana hafai alitakiwa aondoe vyombo vyake mara moja. Na sisi tungerudi wapi? Tata alitoka Kisii baada ya kugombana na ndugu zake juu ya shamba la babu, na ndugu hao walikuwa wamelima mpaka mahali pa kujenga nyumba yake. Alikuwa amebakisha muda mfupi tu astaafu. Alichotaka ni kufika hapo na kuagwa kama watu wengine, huku akitafuta kipande kidogo cha kununua huku huku milimani. Mimi nami sikuwa na ombi jingine kwa Mungu.

"Mkatalie," nilimwambia jioni ile. "Sema mgongo unauma."

"Nikimkatalia meneja mwenyewe atauliza kwa nini. Na akianza kuuliza, ataanza kunitazama."

Mama alikuwa anasonga ugali. Hatukuwa tumemwambia lolote. "Mficha maradhi kilio humfichua," akasema bila kugeuka.

Tata akajikohoza.

"Mnadhani mimi mjinga?" mama akauliza. "Siku hizi anaongea na sikio langu. Mwanamume niliyeolewa naye nikiwa msichana, nisijue?" Akapakua ugali kwa hasira, akamsogezea tata mboga mpaka mkono wake ukagusa bakuli. Hilo nalo, nikagundua, alikuwa amelifanya kwa muda mrefu bila mimi kuliona.

Basi tukaanza. Jambo la kwanza meneja alilotufundisha ni utaratibu, na alilirudia mpaka nikaudhika. Darubini haibebwi na miguu peke yake. Upande mmoja wa mhimili, ile fimbo ambayo darubini huizungukia, linakaa bomba, upande wa pili kinakaa chuma kizito cha mizani, ili viwili hivyo vivutane sawa. Wakati wa kupandisha, chuma kwanza, bomba baadaye. Wakati wa kushusha, bomba kwanza, chuma baadaye. Ukikosea hapo, upande mzito unajizungusha wenyewe na kukupasua kichwa. "Sawa, tumesikia," nilimwambia. Akarudia tena.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Dunia inazunguka kama gurudumu kwenye ekseli, na mhimili wa darubini lazima ulale sambamba na ekseli hiyo, ili jua likisogea ulifuate kwa kusukuma kidogo upande mmoja tu. Huko kwao Uingereza mhimili unainuliwa kuelekea angani. Kwetu hapa ikweta iko jirani, kwa hiyo unatakiwa ulale chali kabisa, kichwa kikielekea kaskazini, upande wa Nandi. Meneja aliyajua hayo yote. Ila hakuwa amewahi kuyajaribu. Alilegeza nati, akaulaza mhimili, na uzito wote ukahamia nje ya miguu. Mguu wa nyuma ukaanza kuinuka taratibu. Nikapiga ukemi, meneja akalirukia bomba, tata akakidaka chuma kwa mikono miwili, tukabaki hivyo watu watatu tumekumbatiana na kitu kimoja kama waliofumaniwa.

Tata ndiye aliyecheka kwanza. "Bwana," alisema, "huyu mgeni wako ana miguu ya kwao. Tumpe ya hapa."

Ndipo ikaamuliwa ichimbiwe nguzo. Tata alichagua gogo la mkaratusi lililokauka vizuri, nene kama kiuno cha mtu, likazikwa uwanjani kwa shule na kushindiliwa mawe pande zote. Juu yake aliweka kipande kinene cha mbao ya podo cha kukalia mhimili. Bolti nilizifuata mimi mjini Kericho, kwa Mkikuyu mmoja muuza vyuma, ambaye alizipima kwa mkono na kuniuliza, "Mwalimu, unamfunga tembo?" Nikamwambia namfunga jua. Akacheka, akaniongezea washa za bure.

Kwa sababu mhimili wetu ulikuwa wa kulala, hatukuhitaji kupima pembe yoyote. Ilitosha juu ya nguzo pawe sawa kama maji yaliyotulia ndani ya sufuria. Kazi yenyewe yote ilikuwa hiyo, na kazi hiyo inataka jicho. Pima maji ni kitu kidogo. Ndani yake mna povu dogo, na povu lile lazima ulione likisimama katikati ya mistari miwili. Katikati ndipo tata alipokuwa haoni.

Mimi nilikuwa darasani siku aliyoweka ile mbao. Nyapara wa wachumaji chai, Mkipsigis aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi, alipita hapo akamkuta anazunguka nguzo anapapasa. Nyapara yule alitembea na fito yake kila mahali, ule mti mrefu mwembamba ambao wachumaji huulaza juu ya mimea ili wajue ni majani yapi yamezidi na yachumwe. Kazi yake yote maishani ilikuwa kuhakikisha chai iko sawa juu. "Kwa nini unateseka, fundi?" akasema, na kuilaza fito juu ya nguzo, akaielekeza kwenye chai iliyokuwa ng'ambo ya uzio. Tata alishukuru. Alitaka mtu yeyote amwambie kwamba iko sawa. Nilipotoka kwa mapumziko nilikuta mbao imekwisha kupigwa misumari.

"Iko sawa?" niliuliza.

"Sawa kapisa!" akasema nyapara.

Nami nikatazama, na mbele ya Mungu niliona iko sawa. Meneja alipokuja jioni akaweka pima maji juu yake, povu likakimbilia ncha moja na kukaa huko. Alitushangaa, kisha akaitazama fito, akautazama mlima, akaanza kucheka mpaka akavua miwani. Fito haipimi maji. Fito inafuata mimea, na mimea inafuata mteremko. Tulikuwa tumeisawazisha darubini na mlima. Sisi tuliozaliwa au kulelewa kwenye miteremko ile, nyumba zetu, mashamba yetu na vibanda vyetu vya kuku vyote vikiegemea, hakuna hata mmoja aliyeona kwamba nguzo imelala upande.

Nyapara akajikuna kichwa, akacheka naye. Tata hakucheka.

"Lakini fundi," meneja akasema, na kicheko kilikuwa kinamwisha, "si una pima maji yako? Kwa nini hukuitumia?"

Tata akafungua mdomo kujibu. "Ilikuwa na mimi, bwana," nikarukia. "Niliiazima nifundishie darasa la sita." Meneja akanitazama, akamtazama tata na kile kichwa chake kilichoinama, akasema sawa, akaondoka polepole kuliko kawaida yake. Nyapara yule ningemmeza mzima. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema uwanjani kwa shule, naye, maskini, hakujua kosa lake liko wapi, kwa sababu alikuwa amekuja kusaidia.

Nyumbani tata hakula. "Ameona," alisema. Nikamwambia hajaona kitu, na kwamba kesho tutairudia kazi hiyo mimi na yeye.

Kesho yake niliwatoa watoto wote nje, nikawapanga kuizunguka nguzo. Niliiweka pima maji juu ya mbao, nikapaza sauti yangu ya ubaoni. "Darasa! Povu limekimbilia wapi?"

"Kuliaaa!"

"Povu hupenda upande gani?"

"Upande wa juuu!"

Basi tata akaipitisha randa upande wa kulia. Maganda ya podo yakaanguka miguuni mwake. Nikauliza tena, wakaitikia tena, naye akaranda kidogo tu, anaufuta uso wa mbao kwa kiganja kila mara. Kushoto. Kulia kidogo. Mbele. Watoto walidhani ni somo, na lilikuwa somo kweli, lakini lilikuwa pia macho ya tata, macho mengi makali ya watoto wa wachuma chai, yakimsomea kwa pamoja mbele ya watu wote bila mtu kujua. Mwishoni wakapiga kelele, "Katikatiii!" na tata akasimama wima akatabasamu. Siku hiyo nilidhani tumeshinda. Nilikwenda nyuma ya choo cha walimu nikalia kwa furaha, kisha nikajiosha uso nikarudi kufundisha kugawanya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri hata nikaogopa. Chuma kikapanda kwanza, bomba likafuata. Kuna hatua ya kutafuta mahali pa mizani, unalegeza mkanda na kulisogeza bomba mbele au nyuma mpaka likiachwa lisielekee popote. Hapo tata hakuhitaji jicho. Alilishika kwa ncha za vidole viwili, akalisikiliza, akalisogeza upana wa ukucha, akaachia. Bomba likabaki limetulia hewani. Meneja akapiga makofi. Ile darubini ndogo ya kutafutia, inayokaa mgongoni mwa ile kubwa, aliiondoa kabisa na kuifungia nyumbani kwake, mtoto mjanja asije akaweka jicho. Tata akatengeneza ubao wa kubeba karatasi, ukashikiliwa na fimbo mbili nyuma ya bomba, na uzio wa kamba ya mkonge kuzunguka nguzo. Kulitafuta jua lenyewe hakukuhitaji mtu kulitazama. Unatazama kivuli cha bomba chini. Kikiwa kirefu, umekosea. Kikijikunja kikawa duara dogo, jua limeingia. Na kivuli kikubwa majanini tata alikiona kwa pembeni. Alifanya mazoezi mpaka akawa anamshinda meneja.

"Umeona?" nilimwambia mama. "Nilijua tutapita."

"Siku haijafika," mama akasema.

Siku ilifika, Jumamosi, na mawingu kama kawaida ya Kericho mchana. Shamba zima lilikuwa uwanjani: wachumaji bado na aproni zao za nailoni, makarani, watu wa kiwandani, wauza duka, kina mama na watoto mgongoni. Bibi mmoja wa Kikipsigis alijifunika leso kichwani akasema Asis, jua ambalo kwao ndilo Mungu, hatazamwi, na yeye haji hapo kutazama, amekuja kumchunga mjukuu wake. Tulisubiri. Mawingu yakakaa. Watu wakaanza kunung'unika kwamba mzungu amewadanganya. Halafu alasiri, upande wa magharibi, pakapasuka, na mwanga ukamwagika juu ya chai yote mpaka chini kwenye mto.

Tata aliushika mkono wa darubini, akatazama kivuli majanini, akasukuma. Kivuli kikajikunja. Na pale kwenye karatasi likatokea jua, jeupe, na ubavu wake umeumwa.

"Wacha weee!"

"Limeliwa! Tazameni, limeliwa!"

Watu wakasukumana hadi kwenye kamba. Niliwaita kwa mistari, darasa kwa darasa, kisha wazazi. Baridi ikaanza kuingia na rangi ya majani ikageuka kuwa ya ajabu, kama wakati mvua ya mawe inakuja. Meneja alikuwa na furaha ya kitoto. Alibandika karatasi mpya kwenye ubao, akatoa penseli, akasema tutalichora jua jinsi lilivyo sasa, kwa kufuata ukingo wake, ili shule ibaki na kumbukumbu. Nikanyoosha mkono kuichukua ile penseli. Nilikuwa tayari.

"Hapana, mwalimu," akasema. Akainua sauti ili wote wasikie. "Mchoro wa kwanza ni wa fundi. Yeye ndiye aliyeisimamisha."

Watu wakapiga makofi. Nikasema kwa haraka kwamba fundi lazima aendelee kushika darubini, jua litatoroka. Meneja akasema ataishika mwenyewe. Nikasema mikono ya fundi ina grisi, itachafua karatasi. Watu wakacheka. "Mwachie baba yako heshima yake!" akapaza sauti nyapara, na kweli kutoka moyoni, kwa sababu alimpenda. Mama alikuwa amesimama karibu na kamba. Aliyafumba macho yake.

Tata akachukua penseli. Angeweza kukataa, na mpaka leo nashindwa kumlaumu kwa kutokataa, kwa sababu kila mtu aliyemjua alikuwa pale anampigia makofi. Akausogelea ubao. Akageuza kichwa upande, kama kawaida yake, ili alitazame jua kwa pembeni, na alipokigeuza kikaingia katikati ya bomba na karatasi. Jua likatoweka kwenye karatasi likamkalia shavuni. Watu wakaangua kicheko. "Fundi, umelivaa jua!" Meneja akamvuta bega, "Fundi, macho yako, toka hapo!" Tata akarudi nyuma. Sasa alikuwa mbele ya ubao moja kwa moja, mwanga mkali katikati ya karatasi, mahali pale pale palipokufa machoni mwake.

Akaweka kiganja cha kushoto kwenye ukingo wa ubao akapapasa hadi akapata nusu yake. Kisha akachora. Alichora bila kusita, mkono mmoja mzuri wa seremala, na alichochora kilikuwa duara kamili. Duara safi, lisilo na kasoro, nusu yake juu ya jua na nusu yake nje, kwenye karatasi tupu. Jua lenyewe lilikuwa limebaki kama kipande cha ukucha.

Kicheko kiliendelea kidogo, halafu kikakatika. Mtoto mmoja wa darasa langu, aliyefundishwa na mimi kujibu kwa sauti, akasema, "Siyo hivyo."

Tata alisimama na penseli mkononi, anageuza kichwa huku na huku, akitafuta kujua ni nini kimenyamazisha watu. "Bado?" akauliza. Nikaenda nikamshika mkono, nikaikanyaga ile kamba ya mkonge ikalala. Mbele ya shamba zima nikamwongoza kwenda pembeni, na yeye akakubali kuongozwa.

Meneja alikuja kwetu Jumatatu, baada ya kazi. Mama alimpa chai kwa sababu mgeni ni mgeni. Akamuuliza tata ni tangu lini, tata akamwambia. Meneja akaweka kikombe chake chini, akaanza kuzungumza juu ya ile mashine ya msumeno, na vijana wanaosimama mbele yake, na mtu anayetakiwa kuona kidole kiko wapi kabla ya kuamuru mashine iwashwe. Alisema hawezi. Hata kama angetaka, hawezi.

Nilimvamia. Nilimwambia alimwita mwenyewe mbele ya watu akamvua nguo. Nilimwambia angekuja kimya kimya, angemuuliza chemba, kuna njia za kiutu. Mama aliniambia nikome, sikukoma.

"Nilitaka kumpa heshima," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Na kuhusu msumeno alikuwa na haki. Nilikuwa nimejua kuhusu ule msumeno siku zote.

Mimi walinibakishia chumba kimoja, cha mwalimu asiye na mume, kisichoruhusiwa wazazi. Tata na mama wakarudi Kisii, kwa ndugu waliosema wanaweza kuwapa mahali pa jikoni kwa kuanzia. Siku ya kuhama lori la majani liliazimwa, na fundi mpya alifika mapema mno, akasimama nje anayatazama madirisha yetu. Mama alikuwa anafunga magodoro. Tata alikaa juu ya sanduku lake la vifaa, na nilipompelekea uji akaniuliza jambo ambalo hakuwa ameliuliza siku zote zile.

"Mama," akasema, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, "lile jua lilikuwaje?"

Nilikuwa nimewafundisha watoto wiki nzima, nilikuwa nimechora ubaoni kila hatua yake. Lakini tangu aliposhika penseli mpaka mwanga uliporudi wote, sikuwa nimelitazama.

"Sikuliona, tata," nikamwambia. "Nilikuwa nakutazama wewe."

Alikasirika. Nilidhani ataguswa, lakini alikasirika kweli kweli, uji ukamwagika gotini.

"Ungelitazama lile!" akasema. "Mimi ningekuwepo kesho yake."

Dereva akapiga honi, na tukaanza kupakia.